Ua Lililoitwa Mgeni

Tangu siku ya mazishi hakuna mtu aliyebisha mlango wa mbele wa nyumba ya akina Ollerenshaw. Watu wa Hollin Clough hupitia jikoni, tena hawabishi. Husukuma mlango na kuita. Kwa hiyo Hester aliposikia hodi upande wa barabarani, asubuhi yenyewe ya maonyesho ya maua, alidhani ni shemeji yake Desmond amekuja kumchukua kwa gari, na leo ameamua kujitia adabu.

Hakuwa Desmond. Alikuwa mwanamume mrefu ambaye hakuwahi kumwona, koti limelowa mabegani, na shavu moja lina alama ya mkunjo kama la mtu aliyelala garini.

"Samahani kwa kukuamsha, dada."

"Hukuniamsha."

"Namtafuta Mzee Clement Ollerenshaw."

Hester alishika ukingo wa mlango. Msimu wote wa baridi alikuwa amewaambia watu wa benki, watu wa posta, hata kinyozi. Bado kila mara ilikuwa kama anajiambia yeye mwenyewe.

"Baba alifariki Novemba."

Yule mtu alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa yamebadilika, yamekuwa macho ya mtu aliyefika stesheni na kukuta treni imekwisha kuondoka.

"Pole. Pole sana. Sikujua. Nimepiga simu yake ya mkononi juma zima, nikadhani hapokei kwa sababu ya jina langu."

"Jina lako nani?"

"Emrys Pugh. Mtoto wa Hywel."

Jina hilo Hester alilijua. Alikuwa msichana wa shule lilipotamkwa kwa mara ya mwisho katika nyumba ile, na siku hiyo mama yake alilia huku anamenya viazi. Alipaswa kufunga mlango. Badala yake alisema, "Utapata homa. Ingia, maji yamechemka."

Jikoni, Emrys alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kwa aibu, mpaka macho yake yakatua kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Rafu ilijaa mabati ya chai, sahani na mitungi ya jamu, isipokuwa katikati. Katikati palikuwa patupu, pamefutwa vumbi.

"Hapo pana kitu gani?"

"Birika la shaba."

"Silioni."

"Hata sisi hatujawahi kuliona hapo." Hester alitabasamu bila kutaka. "Lile la maonyesho ya Stanbeck. Anayeleta ua bora analichukua nyumbani mwaka mzima. Baba alipatenga mahali pake kabla sijazaliwa. Alikuwa wa pili, wa tatu, mara tena wa pili. Mama aliwahi kuweka redio hapo, nusura ndoa ivunjike."

Emrys alicheka, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka yuko msibani.

"Na leo unapeleka ua?"

"Moja tu. Mengine yalinishinda baada ya baba." Alisita. "Wewe umefuata nini, Bwana Pugh?"

Akaweka kikombe chini. "Nimefuata Olwen."

"Olwen ndiye nani?"

"Alikuwa mama yangu. Na ni ua, orikula yenye ukingo wa kijivu. Baba alilizalisha kwa mbegu mwaka aliofariki mama. Chipukizi la kwanza alimpa baba yako."

Hapo Emrys hakuhitaji kumweleza zaidi. Watu wa orikula wana desturi yao. Ukijaliwa ua jipya ambalo hakuna mwingine analo, unamkatia rafiki yako chipukizi akae nalo. Siku likifa kwako, unabisha kwake. Hakuuzii, hununui, wala hakatai, hata kama mmegombana.

"Funza wamekula mizizi yote," Emrys alisema taratibu. "Baba anaumwa, nami nilikuwa namtazama yeye, sikutazama vyungu. Sasa amelala sebuleni, kitanda tumekigeuza aone dirisha. Asubuhi hajui mtu. Jioni huamka kidogo, na kila akiamka anauliza, Olwen amechanua? Sijui hata anauliza yupi. Namwambia bado. Nimechoka kumwambia bado."

Hester aliinuka, akafungua mlango wa nyuma.

Ndani ya kibanda cha vioo palikuwa na baridi na harufu ya udongo. Chungu kimoja kilisimama peke yake juu ya rafu, na juu ya bua lake maua madogo saba yametandazwa kama yamepigwa pasi: katikati njano, kisha mduara mweupe kama chokaa, kisha weusi, kisha ukingo wa kijivu uliopakwa unga laini. Unga huo ndio uzuri wote wa orikula. Tone moja la mvua au ncha ya kidole huuharibu, na haurudi.

Emrys alisimama mlangoni. Hakusogea.

"Ndiye," alisema.

"Baba alikuwa akiliita Mgeni," Hester alisema. "Halikuwa na kibao cha jina. Nikiuliza, alisema, mwache Mgeni akae. Hakulipeleka maonyesho hata siku moja, na sikujua kwa nini."

Simu ikalia jikoni. Alikuwa Desmond.

"Shemeji, gari limegoma. Betri imekufa kabisa. Tuseme mwakani, sawa?"

"Mwakani nyumba itakuwa imeuzwa, Desmond. Ninyi wenyewe ndio mnaouza."

"Ah, ongea na dada yako hayo. Mimi ni dereva tu, tena leo si hata dereva."

Alipogeuka, Emrys alikuwa nyuma yake, ameyasikia yote. Macho yake yalikwenda kwenye viatu vya Hester vilivyong'arishwa, kwenye kikapu kilichotandikwa taulo mezani, kwenye koti la sikukuu alilolivaa tangu alfajiri kwa kukosa la kufanya.

"Nina gari," alisema.

"Wewe una mgonjwa."

"Kabla ya jioni amelala. Nikitoka Stanbeck saa nane mchana nitamkuta anaamka. Nikupeleke, uweke ua lako, kisha unikatie chipukizi, niende zangu."

"Chipukizi ni majani matatu. Mzee wa watu ataona nini?" Hester alijisikia akisema, na hakujizuia. "Utachukua lenyewe, na maua yake. Chipukizi nikate mimi, libaki hapa. Saa nane kamili nitakuwa nimeliweka mkononi mwako. Nakuahidi."

Alikata chipukizi, akalipanda kwenye kichungu kidogo. Bua lenye maua halikuinama. Kisha akafunga pamba kati ya ua na ua, akaketi kwenye kiti cha mbele cha gari la Emrys, kikapu mapajani.

Emrys aliwasha injini. Hewa ya moto ikapuliza. Mikono miwili, wa Hester na wa Emrys, ikaruka pamoja kuzima hita, ikagongana juu ya kitufe.

"Joto hulilegeza," walisema kwa pamoja.

Mkono wa Emrys ulikuwa wa baridi na wenye makovu madogo ya seremala. Hester alirudisha wake kikapuni haraka mno, kisha akaona haya kwa ile haraka.

"Nimekua nikidhani magari yote hayana hita," Emrys alisema. "Aprili nzima tulikuwa tunasafiri na blanketi."

"Sisi tulivaa glavu. Na baba hakuzidi mwendo wa baiskeli."

"Wangu alisimama kila penye shimo, akashuka kulitazama."

Walicheka. Emrys alivua skafu yake, akamwekea mabegani bila kuondoa macho barabarani. Hester aliivuta mpaka kidevuni. Ni lini mara ya mwisho mtu mwingine alihisi kuwa yeye ana baridi?

Barabara ya juu ya mlima ilijaa ukungu, na kondoo wamesimama pembeni na vitoto vyao. Gari lilikwenda polepole hivi kwamba nyuma yao ulitokea msururu wa magari. Hatimaye mmoja alipita kwa hasira, akashusha kioo.

"We babu, umebeba mayai?"

"Bibi harusi!" Emrys alimjibu.

Hester alitazama nje ya dirisha la upande wake mpaka joto la aibu lilipomtoka masikioni.

"Samahani," Emrys alisema baada ya kona mbili. "Ulimi wangu huo. Nyumbani sina wa kuongea naye, nikipata nafasi unakimbia wenyewe."

"Mimi huongea na maua."

"Yanajibu?"

"Yana adabu. Yanasubiri nimalize."

Safari hii hakucheka. Alimgeukia mara moja, kwa muda mfupi ambao barabara ya mlimani inamruhusu dereva, na katika mtazamo ule Hester aliona chumba kama chake: taa moja, kikombe kimoja, redio ikiwa imewashwa ili tu pawe na sauti. Hakuwa amejua kwamba upweke una ndugu.

Stanbeck ilikuwa imejaa. Uwanja wa mpira ulikuwa umegeuzwa maegesho, na matairi yalikwishageuza majani kuwa tope. Kando ya ukumbi yalisimama mahema ya wauza miche. Akina mama wa makoti ya mvua walisukuma vitoroli, wakigombania miche ya maua kana kwamba kesho haipo. Hester aliwahi kukiweka chungu mezani kabla waamuzi hawajafunga mlango. Katibu wa chama, Bwana Horace Thornley, mzee wa masharubu aliyevaa tai ya maua, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ollerenshaw! Nilidhani mwaka huu hatutaandika jina hili. Ua linaitwaje, binti?"

"Olwen. Limezalishwa na Hywel Pugh."

Kalamu ya Thornley ilisimama hewani. Akamtazama Emrys aliyesimama nyuma, akatazama ua, akaandika.

Walisubiri nje. Walikula pai ya nyama wamesimama chini ya hema la mtu, mchuzi ukiwachuruzika vidoleni, na mwenye hema akamwambia Emrys, "Mpanguse mkeo kidevu, bwana." Hakuna aliyemsahihisha. Emrys alitoa leso, akaishika, akaitazama, kisha akampa Hester ajipanguse mwenyewe. Hester aliona kwamba kusita kule kulimgusa kuliko ambavyo mkono wenyewe ungemgusa.

"Mliambiwa baba zetu waligombania nini?" Emrys aliuliza.

"Baba alikuwa mwamuzi. Akaliweka ua la baba yako nafasi ya pili."

"Lilistahili la pili. Jicho moja, ule mduara wa katikati ya ua, lilikuwa limepinda. Baba amekiri tangu mwaka jana, tena bila kuulizwa. Alisema, mwambieni Clement. Nikasema nitamwambia." Alikunja karatasi ya pai ikawa ndogo sana. "Nikasema majira ya machipuko nitakwenda. Basi ndiyo nimekuja."

Milango ilipofunguliwa, walisukumwa na umati mpaka meza kuu. Pale, juu ya kitambaa cheusi, peke yake, lilisimama Olwen na kadi nyekundu ya mshindi wa kwanza. Pembeni yake lilisimama birika la shaba, limesuguliwa mpaka linatoa sura za watu.

Hester alijiona humo, mdogo, amepinda. Akapakumbuka na mahali patupu juu ya jiko la nyumbani. Miaka yote ile baba yake alikuwa akipapangusa vumbi.

"Hester!" Alikuwa dada yake Muriel, aliyeishi mtaa wa pili kutoka ukumbini, amevaa kofia ya mvua na machozi tayari yamemjaa. "Mdogo wangu, umelipata! Laiti baba angekuwepo! Bwana Thornley anasema picha itapigwa saa kumi, mwenyekiti akikukabidhi. Desmond anakuja kwa miguu. Tutakula chakula cha jioni kwetu, tutaliweka birika katikati ya meza." Ndipo alipomwona Emrys. "Na huyu?"

"Huyu ni Emrys Pugh. Ndiye aliyenileta."

Uso wa Muriel ulifungwa kama duka.

"Pugh."

"Habari za mchana, dada," Emrys alisema.

"Mimi si dada yako. Baba yako alisimama humu ukumbini akamwita baba yetu kipofu mbele ya watu. Humu humu. Mama hakutia mguu hapa tena mpaka anakufa."

"Muriel, ua ni lao," Hester alisema. "Mzee Hywel yuko kitandani, anaumwa sana. Nimemwahidi Emrys ataondoka nalo saa nane."

"Saa nane? Birika linatolewa saa kumi!"

Thornley alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na sheria ilimuuma. "Ni kweli, binti. Chungu kinachotoka mezani kabla ya saa kumi kimejitoa chenyewe. Siwezi kupindisha, hata kwa Clement. Birika litakwenda kwa wa pili." Wa pili alikuwa Bi Agatha Sugden, ambaye alikwisha kulipeleka birika lile nyumbani kwake miaka mitatu mfululizo, na sasa alikuwa akijifanya anasoma tangazo la chai.

Emrys alimvuta Hester pembeni kwa mkono wa koti.

"Nisikilize. Nakuondolea ahadi yako. Nilikubali kabla hatujajua. Nitakuja juma lijalo."

"Juma lijalo atakuwepo?"

Emrys aliutazama mlango.

"Atakuwepo, Emrys?"

"Sijui."

"Wala mimi sijui. Baba yangu nilimwambia nitampelekea chai baada ya kumwagilia. Nilimaliza kumwagilia kwanza, nikakuta amekwisha kwenda."

Alirudi mezani. Muriel alimshika kiwiko.

"Hester, tafadhali. Baba alikufa hajamsamehe yule mtu. Utamvua baba ushindi wake, umpe Pugh? Kwa sababu kijana wake ana macho mazuri?"

Watu wawili watatu waligeuka. Hester alihisi damu ikimpanda shingoni, maana lile la macho lilikuwa kweli, na dada hujua pa kuchoma.

"Alilimwagilia miaka yote, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyahamisha maua yake mwenyewe kwenye baridi ili hili lipate mahali pazuri. Mtu ambaye hajasamehe hafanyi hivyo. Alikuwa anasubiri tu mtu abishe."

Mkono wa Muriel ulibaki kwenye kiwiko cha mdogo wake kitambo, kisha ukalegea, ingawa uso haukulegea.

Hester alinyoosha mikono yote miwili, akainua chungu. Ukumbi ulinyamaza namna unavyonyamaza mtu akidondosha sahani kanisani. Thornley alichukua kadi nyekundu mwenyewe, polepole, akaitia mfuko wa koti lake, si kwenye sanduku la kadi.

Nje mvua ilikuwa imeshika. Kutoka mlangoni hadi uwanjani palikuwa mbali, na tope lilivuta viatu. Emrys alivua koti, akalitandaza juu ya ua kwa mikono miwili kama paa, yeye mwenyewe akilowa shati, nao wakatembea hatua kwa hatua, nyuso zao karibu. Chini ya paa lile palinuka asali, harufu ndogo ya orikula ambayo huipati mpaka uinamie. Hester alitamani uwanja ule usiishe.

Uliisha. Aliweka kikapu kwenye kiti chake cha asubuhi, akakifunga mkanda, akakikaza kwa skafu ili kisiyumbe. Akasogeza pamba ya mwisho kati ya ua na ua.

"Njoo nalo," Emrys alisema. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. "Nyuma nitatoa mbao, utapata pa kukaa. Njoo umwone."

Hester alitazama ukumbini. Muriel alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto, hajui aingie au atoke. Kesho watu wa kuuza nyumba wangekuja kupima vyumba vya baba yao, na dada yake hangeweza kuwafungulia mlango peke yake; alikuwa amekiri hivyo siku moja tu, kwa simu, kisha akakata haraka.

"Leo siwezi."

"Basi nitakuletea..."

"Usiahidi," Hester alimkatiza. "Ukija, pitia mlango wa jikoni. Ule wa mbele ni wa wageni."

Emrys aliketi kwenye usukani, akazima hita kabla hata haijapuliza, akaondoka kwa mwendo wa baiskeli, akikwepa kila shimo la uwanja ule. Gari lilipopita getini kengele ya kanisa ilikuwa ikigonga saa nane.

Hester alibaki katika tope, mikono mitupu. Juu ya kidole gumba cha kulia kulikuwa na unga kidogo mweupe, alipogusa bila kukusudia ukingo wa jani, ambalo nalo lina unga huo. Mvua iliendelea. Akautia mkono ule mfukoni, akaufumba, na akatembea hivyo kumfuata dada yake, akiulinda unga ule usilowe.